Je, ala za muziki zilipanda ngazi kutoka ngoma hadi piano?

Swali limetoka kwa mwalimu wa sekondari anayefundisha somo la muziki. Anaeleza kwamba katika maelezo anayowapa wanafunzi wake imeandikwa kuwa mwanadamu alianza na ngoma, akafuatia filimbi, kisha ala za nyuzi, na hatimaye akafikia piano na vinanda vya umeme. Anauliza kama mpangilio huo ni sahihi, na kama ni sahihi, je, marimba na zeze zetu ni ala zilizokwama njiani? Mwishoni anaongeza kwamba wanafunzi wake wanaona kinanda cha umeme ndicho kilele cha historia ya ala.

Mwalimu, kwa sehemu ya kwanza jibu ni kwamba mpangilio huo hauna ushahidi wa kuutegemeza. Huenda ngoma ilitangulia kweli, lakini hakuna aliyeiona. Kwa sehemu ya pili jibu langu ni hapana, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu wazo la ngazi limeenea mno katika vitabu vya shule na limewafanya wanafunzi wengi waziangalie ala za nyumbani kwao kama masalia ya utoto wa binadamu.

Tuanze na ushahidi wenyewe. Ala nyingi za kale zilitengenezwa kwa mti, ngozi, mwanzi, kibuyu na nyuzi za utumbo wa mnyama, na vitu hivi vyote huoza. Kinachobaki ardhini ni mfupa, pembe, kombe la bahari, udongo uliochomwa, jiwe na madini. Kwa hiyo anayesoma historia ya ala kwa kutazama vilivyochimbuliwa husoma, kwa sehemu kubwa, historia ya vitu visivyooza. Hii ndiyo sababu filimbi za mifupa zinashika nafasi ya mwanzo katika kila orodha. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tübingen wakiongozwa na Nicholas Conard walifukua katika pango la Hohle Fels, kusini magharibi mwa Ujerumani, filimbi iliyotengenezwa kwa mfupa wa bawa la tumbusi. Ina urefu wa karibu sentimita 22, unene wa milimita 8 tu, na matundu matano ya vidole, na umri wake unakaribia miaka 40,000.

Filimbi hiyo ya tumbusi inavutia, lakini iliyopatikana katika pango jirani la Geissenklösterle inasema mengi zaidi. Mfupa wa ndege tayari una uwazi ndani, na fundi anahitaji tu kuukata na kuutoboa. Ile ya Geissenklösterle ilichongwa kutokana na pembe ya mamothi, yule mnyama wa jamii ya tembo aliyetoweka, na pembe hiyo haina uwazi. Fundi alichonga kijiti, akakipasua katikati kwa urefu, akakomba ndani ya kila nusu hadi ikawa mfereji, kisha akaziunganisha tena nusu mbili na kuziba kiungo kisivuje hewa. Kando ya kiungo alikata alama ndogondogo, ambazo yumkini zilimsaidia kuzilinganisha nusu hizo wakati wa kuzigandisha. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayejaribu kwa mara ya kwanza. Mwenye nayo alikuwa na walimu, na walimu wake walikuwa na walimu wao, na ala zao, yaelekea za mti au mwanzi, hatutaziona kamwe.

Kuna pia mfupa wa dubu wenye matundu uliopatikana mwaka 1995 katika pango la Divje Babe nchini Slovenia, ambao baadhi ya wataalamu huuita filimbi ya Neanderthali, binadamu wa kale waliotoweka, na wengine husema matundu yake ni alama za meno ya mnyama. Mabishano hayajaisha, na mimi nisingeujengea somo la darasani. Mfano bora zaidi wa jinsi ala inavyoweza kukaa mbele ya macho yetu bila kutambuliwa ni kombe kubwa la bahari la pango la Marsoulas, kusini mwa Ufaransa. Lilipatikana mwaka 1931, likawekwa katika jumba la makumbusho la Toulouse, na kwa miaka tisini lilidhaniwa kuwa chombo cha kunywea. Mwaka 2021 watafiti walilichunguza upya, wakaona kwamba ncha yake ilikatwa kwa makusudi ili kupuliziwa, wakamwita mpiga tarumbeta mzoefu, naye akatoa sauti tatu zilizo safi. Umri wake ni takribani miaka 18,000. Msomaji wa Lamu au Pemba pengine angelitambua siku ya kwanza.

Na ngoma je? Katika makaburi ya watu wakubwa ya Taosi, kaskazini mwa China, yenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, wachimbaji walikuta mizinga ya ngoma iliyochongwa kwa magogo. Ngozi yenyewe ilikuwa imeshaoza, lakini ndani ya mizinga kulikuwa na vipande vidogo vya mifupa ya ngozi ya mamba, na kwa vipande hivyo ikajulikana ngoma ziliwambwa kwa ngozi gani. Lau fundi angetumia ngozi ya mbuzi, tungebaki na gogo lenye uwazi na maswali mengi. Karibu na nyumbani, katika miamba ya Moru kule Serengeti, kuna jiwe kubwa lenye vishimo vilivyochimbika kwa kugongwa na mawe mengine vizazi na vizazi, na ukiligonga leo hulia kama kengele. Jiwe ni ala ambayo haikuhitaji fundi, na kiganja cha mkono hakihitaji hata jiwe.

Sasa tuje kwenye ngazi. Sehemu ya mkanganyiko inatokana na mfumo wa kuainisha ala ambao Erich von Hornbostel na Curt Sachs waliuchapisha mwaka 1914 mjini Berlin, wakiendeleza kazi ya Victor-Charles Mahillon aliyekuwa mtunzaji wa ala huko Brussels. Mfumo huo unagawa ala kwa kuuliza ni kitu gani kinachotetemeka: ni mwili wa ala yenyewe, kama marimba na kayamba, ni ngozi iliyowambwa, kama ngoma, ni uzi, kama zeze na udi, au ni hewa, kama zumari na siwa. Makundi hayo yamepewa namba moja hadi nne, na waandishi wengi wa vitabu vya shule wamezisoma namba hizo kana kwamba ni zamu za kuzaliwa. Hazikukusudiwa hivyo. Isitoshe, ndani ya mfumo huohuo piano imewekwa katika tawi la ala za nyuzi zilizo sahili, kwa sababu nyuzi zake zimekazwa juu ya ubao au fremu na kisanduku cha sauti si sehemu ya lazima ya kuzishika, ilhali zeze la Wagogo, lenye shingo na kibuyu vilivyounganishwa kuwa kitu kimoja, limo katika tawi la ala changamano. Sisemi kwamba zeze limeendelea kuliko piano. Nasema tu kwamba anayetaka kuutumia mfumo huo kama ngazi ajiandae kuikuta piano kwenye kidato kisichomfurahisha.

Njia inayofaa zaidi ya kueleza mabadiliko ya ala ni kuuliza fundi alikuwa anatatua tatizo gani, alikuwa na vifaa gani mkononi, na watu walisikilizia wapi. Piano yenyewe inafundisha jambo hili vizuri. Katika Florence ya miaka ya 1690 kinanda cha heshima kilikuwa hapsikodi. Ukibonyeza kibao chake, kijiti kilichosimama wima hunyanyuka na unyoya mdogo uliochomekwa ubavuni mwake hukwanyua uzi. Ubonyeze kwa upole au kwa nguvu, unyoya hukwanyua vilevile, na sauti hubaki ileile. Bartolomeo Cristofori, fundi na mtunza ala wa Ferdinando de' Medici, mrithi wa mtawala wa Toscana, alitaka kinanda kinachoitii nguvu ya kidole. Kubadilisha unyoya kwa kinyundo hakukutosha, kwa kuwa kinyundo kinachosukumwa na kibao hadi kwenye uzi hubaki kimeugandamiza na kuuzima. Ujanja wake ulikuwa kukirusha kinyundo na kukiachia kabla hakijafika, ili kipige uzi kwa mwendo wake chenyewe, kianguke, na uzi ubaki huru kulia hadi kidole kitakapoondoka na kizimio kuushukia. Kinanda hicho kimeorodheshwa katika hesabu ya mali za Medici ya mwaka 1700. Vitatu vya mkono wake vingalipo, vyote vya miaka ya 1720, na kimoja kiko katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan mjini New York.

Piano ya Cristofori ilikuwa na fremu ya mbao, nyuzi nyembamba na sauti ya chumbani. Iliyoigeuza kuwa ala kubwa tunayoijua haikuwa hamu ya maendeleo kwa jumla, bali kumbi. Karne ya 19 muziki wa Ulaya ulihama kutoka vyumba vya wakuu kwenda kumbi ambamo mamia ya watu walilipa kiingilio, na aliyelipa alitaka kusikia hata akiwa safu ya mwisho. Sauti kubwa ilidai nyuzi nene zilizokazwa zaidi, nazo zikaanza kupinda na kupasua fremu za mbao. Mwaka 1825 Alpheus Babcock wa Boston alipata hataza ya fremu ya chuma iliyosubuliwa kwa kipande kimoja, na mwaka 1859 kampuni ya Steinway ya New York ikapata hataza ya kupitisha nyuzi za sauti nzito juu ya nyingine katika piano ndefu. Piano kubwa ya leo hubeba mvutano wa nyuzi unaokaribia tani 20. Bila viwanda vya kusubu chuma na vya waya wa chuma cha pua kikali isingewezekana, hata kama Cristofori angeishi miaka mia mbili.

Lakini kila kitu kina bei yake. Mpiga piano hawezi kuuvuta uzi wala kuuteleza. Sauti iliyo kati ya vibao viwili haipo kwake. Kila kibao kimefungwa kwenye moja ya hatua kumi na mbili za oktavu, na katika miaka mia mbili iliyopita hatua hizo zimezoeleka kugawanywa sawasawa ili wimbo uweze kuchezwa kutoka sauti yoyote. Mpiga udi, ambaye shingo ya ala yake haina vigawanyo, anaweka kidole popote anapotaka. Mpiga kanuni, ala ya nyuzi ya Uarabuni, ana vyuma vidogo chini ya nyuzi, anavyoviinua na kuvishusha wakati wa kupiga ili kupata sauti ambazo piano haina. Katika jambo hilo piano ni ala maskini zaidi, na sioni sababu ya kulificha hilo kwa wanafunzi.

Wala hatua kumi na mbili si ugunduzi wa Ulaya. Mwaka 1978 katika jimbo la Hubei nchini China lilifukuliwa kaburi la mtawala Yi wa Zeng, aliyezikwa yapata mwaka 433 kabla ya Kristo, na ndani yake kulikuwa na kengele 65 za shaba nyeusi, zimetundikwa kwa safu tatu. Ukiikata kengele moja kwa mlalo utaona kwamba haina umbo la duara bali la lozi, na kwa sababu hiyo hutoa sauti mbili tofauti: moja ukigonga katikati ya uso wake, nyingine ukigonga kando. Majina ya sauti, zikiwemo hatua zote kumi na mbili, yameandikwa kwa dhahabu juu ya kengele zenyewe. Umbo la lozi pia huifanya sauti izimike haraka, na hivyo wimbo unaweza kuchezwa bila mvumo wa kengele moja kuimeza nyingine, jambo ambalo kengele ya kanisa yenye umbo la duara haiwezi kulifanya. Ufundi huo ulikuja kupotea kwa karne nyingi. Ngazi gani hiyo ambayo aliye juu kabisa yuko mwanzoni?

Turudi kwenye marimba. Anayeyasikiliza kwa masikio ya piano hulalamika kwamba sauti zake zina mkwaruzo na kwamba hazijalingana na kinanda. Mkwaruzo umewekwa kwa makusudi. Wachopi wa Msumbiji, ambao timbila zao zilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa dunia usioshikika, huweka chini ya kila ubao kibuyu kilichopimwa kwa ajili ya sauti ya ubao huo, hutoboa tundu ubavuni mwa kibuyu na kuliziba kwa utando mwembamba sana, ili kila pigo liambatane na mvumo. Na hatua za oktavu yao ni saba zinazokaribiana kwa ukubwa, si kumi na mbili, hivyo kuzipima kwa kinanda ni kutumia mizani isiyo yake. Ilimba ya Wagogo, ambayo wengi waliijua kupitia marehemu Hukwe Zawose aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ina vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na kati yake vingine ambavyo haviguswi kabisa. Kazi ya hivyo ni kutetemeka vyenyewe kwa kuwaitikia wenzao na kuurefusha mwangwi. Fundi aliyebuni jambo hilo alikuwa ameshavuka zamani swali la jinsi ya kupata sauti, akawa anashughulikia kinachotokea baada ya sauti kupatikana.

Tatizo la kupata wanamuziki wengi kwa gharama ya mtu mmoja nalo lilitatuliwa kwa namna mbalimbali. Ulaya ilizidisha vibao. Mjaluo anayepiga nyatiti huketi chini, ala ya nyuzi nane imelazwa mbele yake. Vidole vyake vinakwanyua, pete ya chuma iliyo kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia inagonga ukingo wa ala, njuga zilizofungwa mguuni zinalia, na wakati huohuo anaimba. Jamaa za nyatiti, ala za nyuzi zinazofungwa kwenye mti wa juu ulioshikiliwa na nguzo mbili za ala, zimetapakaa kuanzia Kisii na Uganda hadi Ethiopia na Sudan. Za kale zaidi tunazozijua kwa uhakika zilitoka katika makaburi ya kifalme ya Uru, nchini Iraki, yaliyochimbwa na Leonard Woolley miaka ya 1920, na zina umri wa miaka kama 4,500. Ulaya iliziacha karibu kabisa baada ya Zama za Kati, zikabaki hai katika bonde la Naili. Ala husafiri, huishi ugenini na hufia kwao.

Pwani yetu ni mfano wa safari hizo. Kibangala, au gambusi, lina asili ya Yemen. Kwa masimulizi yanayokubalika Zanzibar, Sultani Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kanuni, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kingalipo. Katika jukwaa la taarab asilia utakuta udi na kanuni za Uarabuni, fidla iliyokomazwa na mafundi wa Italia ya kaskazini katika karne ya 16, na akodiani, jina ambalo Cyrill Demian aliipa ala yake mjini Vienna mwaka 1829, ilhali ufundi wake wa vilimi vinavyotetemeka kwa hewa ulitangulia kwa zaidi ya miaka elfu mbili katika ala ya China iitwayo sheng. Hakuna hata mmoja kati ya wapigaji hao anayedhani kwamba akodiani imekuja kuiondoa kanuni. Nyingine, kama tarumbeta za vali zilizopata hataza Ujerumani mwaka 1818 na saksafoni ya Adolphe Sax ya 1846, ni matunda ya viwanda vya chuma vya karne hiyo. Tarumbeta zilitufikia kwa njia ya bendi za majeshi na misheni, na vijana wa Mombasa na Lamu wakazitia katika beni.

Umesema mwishoni kwamba wanafunzi wako wanaona kinanda cha umeme ndicho kilele cha historia yote hii. Mwaka 1964 Robert Moog alipoonyesha chombo chake cha kuunda sauti kwa umeme huko New York, alikiunganisha na vibao vya piano, kwa kuwa wanamuziki walivizoea. Huko California, Don Buchla, aliyekuwa akiunda chombo cha namna hiyo wakati uleule, alikataa kutumia vibao hivyo, akiona kwamba sauti mpya haipaswi kufungwa na umbo la ala ya zamani. Sokoni alishinda Moog. Mwaka 1983 watengenezaji walipokubaliana juu ya lugha moja ya kuunganisha vyombo hivyo, inayoitwa MIDI, kila sauti ikapewa namba kana kwamba ni kibao, kuanzia 0 hadi 127, na sauti zilizo katikati zikaachiwa gurudumu dogo la pembeni. Ndiyo maana mpiga kinanda wa taarab ya kisasa anayetaka kuiga fidla hupiga kwa mkono mmoja na kulizungusha gurudumu hilo kwa mwingine, na ndiyo maana kampuni zinazouza vinanda Uarabuni zililazimika kuongeza vitufe vya kushusha baadhi ya vibao kwa robo toni. Kompyuta iliyo ndani ingeweza kutoa sauti yoyote tangu siku ya kwanza. Kilichoizuia ni umbo alilolirithi mtengenezaji.

Kwa somo lako ningeondoa mishale inayotoka ala moja kwenda nyingine na kuziacha ala zenyewe. Kama shule ina marimba na kinanda, waambie wanafunzi wapige ubao mmoja wa marimba kisha waitafute sauti hiyo kwenye kinanda, wasonge ubao hadi ubao huku wakiandika wanachokipata. Sauti nyingi zitaangukia katikati ya vibao viwili. Waulize ni nani kati ya wale mafundi wawili aliyekosea, uwaache wabishane.